Hii Mpya Inafungua Haraka Zaidi

Alhamisi, 29 Mei 2025

Othieno, mwenye kafe ya intaneti kama yangu upande wa Kenya, amebadilisha kibao. Nimekiona asubuhi nikiwa upande wetu huu wa Uganda, bila hata kuvuka mpaka. Ndege wa bluu, mkubwa kama mlango, na chini yake: MBAYUWAYU, KIVINJARI CHETU. Kibao ni chake, wazo ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba kampuni ya Mbayuwayu inatafuta balozi mmoja wa mpaka mzima, Busia zote mbili hadi Tororo. Nilimwambia ili aone wivu. Badala yake akaomba nafasi.

Balozi anapewa kofia, fulana, na picha yake kwenye bango kubwa barabara ya Tororo. Balozi Clifford Okanya. Nimelisema mbele ya kioo, mara kadhaa. Mke wangu Babra alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza balozi wa nchi gani.

Ofisa wao, Damalie, anakuja kukagua Ijumaa ya wiki ijayo. Kafe ambayo wateja wake wamehamia Mbayuwayu kabisa ndiyo itakayoshinda. Kabisa, si nusu nusu. Na hapo ndipo ninapokwama. Wateja wangu wanaifungua Mbayuwayu kutazama matokeo ya mpira. Likija jambo la maana wanarudi kwenye kivinjari cha zamani, mbele ya macho yangu.

Mama Lorine alikuja leo kutoka Mella, kama kila Alhamisi. Kompyuta ya dirishani, hataki nyingine. Anasoma barua pepe za marehemu mumewe, Opio, aliyekuwa fundi wa magari kule Juba. Akaunti nilimfungulia mimi, miaka ile Opio alipoondoka. Paswadi haijui; mashine ndiyo inayoijua. Laini ya simu tuliyoandikisha ilikuwa ya Opio, nayo haipo tena. Anasoma zile zile, maana hakuna mpya. Nikamshauri ajaribu Mbayuwayu. Akauliza kama Opio yumo humo. Nikamwambia hayumo, ila kuna utabiri wa hali ya hewa.

Ijumaa, 30 Mei

Nimetoa hotuba. Nimesimama katikati ya kafe na kueleza habari ya kasi, usalama, na vijana wetu wa Kampala waliokesha wakitengeneza kitu hiki. Watu wakapiga makofi. Kisha wakageukia skrini zao na kufungua cha zamani.

Mangeni ndiye aliyenikera zaidi. Ni wakala wa forodha, anashughulikia karatasi za malori yanayovuka, na anakalia kompyuta namba mbili kana kwamba aliirithi. Nikamuuliza Mbayuwayu imemkosea nini. Akasema haijamkosea, ila ukurasa wa forodha ukifunguliwa humo unatokea mweupe. Nikasema hilo ni jambo dogo. Akasema ndiyo kazi yake yote.

Halafu akaniambia kwamba kule kwenye cha zamani anaandika herufi moja tu, M, na mashine inamjazia jina lote na paswadi. Nikamuuliza paswadi yenyewe ni ipi. Akanishangaa. "Mimi najua wapi? Hiyo ni mashine inajua."

Mtu mzima, ana watoto wanne, ana gari. Nimezungukwa na watu ambao hawawezi kukumbuka neno moja.

Jumamosi, 31 Mei

Nimepata mbinu! Kama hawataki kumfuata ndege, ndege atawafuata wao. Nimechukua picha ya kivinjari cha zamani nikaibandika kwenye Mbayuwayu, mashine zote saba. Ukibonyeza ukidhani ni cha zamani, unaingia kwenye kipya bila kujua. Baada ya siku tatu utakuwa umezoea na utanishukuru.

Mangeni aliingia, akaketi, akabonyeza, akaandika M. Mashine haikujaza kitu. Akaandika tena. Akasukuma kiti nyuma. "Huyu hanijui mimi," akasema kwa sauti. "Clifford, umenipeleka kwa nani?"

Kafe nzima ikageuka. Nikasingizia umeme. Umeme ulikuwepo, taa zote zinawaka, feni inazunguka. Mchana nilirudisha picha zote mahali pake, na Mangeni alisimama nyuma yangu akihakikisha.

Jumapili, 1 Juni

Kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya watu waliotoka Misri na bado wakatamani masufuria ya huko. Nikamgusa Babra kwa kiwiko. Nikamwambia ndio wateja wangu hao.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza kwa nini mimi mwenyewe sijahama. Anasema kompyuta yangu ya kaunta inafungua cha zamani toka asubuhi mpaka jioni. Nikamweleza kwa subira kwamba kompyuta yangu ina mambo yangu: benki, picha za harusi, tovuti zote nilizozihifadhi kwa miaka. Siwezi kuyahatarisha hivi hivi. Hiyo ni hali tofauti kabisa na ya wateja.

Akaharakisha hatua, akatangulia hadi nyumbani. 

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi. Mji umepoa. Nusu ya watu wako Namugongo kwenye hija, nusu wamelala. Nikafungua kafe kwa mlango wa nyuma, peke yangu.

Nimekifuta cha zamani. Si kukificha, si kukibandika picha: nimekifuta. Mashine ya kwanza iliniuliza kama nataka kufuta na kumbukumbu zote zilizohifadhiwa humo. Nikaweka tiki. Mimi ni mtu wa usafi, kitu kikiondoka kiondoke na vumbi lake.

Kwenye kompyuta ya dirishani mkono ulisita. Sijui kwa nini, maana ni mashine kama nyingine. Nilimfikiria Mama Lorine kidogo. Kisha nikalifikiria bango. Nikaweka tiki.

Saba zote zimekuwa safi, ndege peke yake katikati ya skrini. Nimefurahi kwa dhati, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbaya. Mangeni alifika kabla sijamaliza kufagia, ana lori la nyanya limesimama kwenye foleni ya mpaka. Akatafuta cha zamani kila kona ya skrini, hata akachungulia chini ya meza. Nikamwambia hongera, amehama. Akaniomba paswadi yake. Nikamwambia ni yake, aikumbuke. Akakaa amefumba macho, ameshika kichwa, midomo inacheza. Akajaribu jina la mama yake. Akajaribu jina la mbwa. Ukurasa ukamfungia.

Wakala wa pili akaja, naye hakumbuki. Wa tatu vivyo hivyo. Kumbe mpaka mzima ulikuwa ukiendeshwa na mashine zangu saba, na hakuna binadamu hata mmoja aliyekuwa akijua anaingiaje kazini kwake. Badala ya kuona aibu, wakanitukana mimi. Kwa Kisamia, kwa Kiteso, kwa Kiswahili. Mangeni alipanda boda kwenda kuomba paswadi mpya, akaambiwa asubiri mpaka Ijumaa. Jua lilikuwa kali na nyanya ni nyanya.

Jioni Othieno akaniandikia. "Buda, asante kwa wateja. Huku kwangu tumewaachia zote mbili, kila mtu achague ya kwake." Namchukia huyu mtu. Nimeandika hapa ili isije ikasahaulika.

Alhamisi, 5 Juni

Wateja: mmoja. Mama Lorine.

Aliketi dirishani, akaweka mkoba mapajani, akangoja skrini iwake kama kawaida. Ndege akatokea. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akaniita kwa upole, "Baba, ile ya Opio iko wapi?" Nikamwambia tumehama wote, sasa tuko kwenye kipya. Akauliza kama na Opio amehama.

Nikamweleza kwamba hii mpya inafungua haraka zaidi, mara mbili ya ile. Akauliza inafungua nini.

Nilijaribu, niandike ukweli. Nilifungua ukurasa wa barua pepe nikaomba paswadi mpya. Ikasema namba ya siri imetumwa kwenye simu. Simu ya Opio. Tukakaa wote wawili tukitazama skrini, na mimi nilijikuta naisikilizia, kana kwamba italia mahali fulani.

Hakulia wala hakunilaumu. Alikaa pale mpaka wakati wake wa kawaida wa kuondoka, akimtazama yule ndege. Akasema asante, akatoka. Nimeipangusa skrini ya dirishani mara tatu tangu hapo. Nadhani ni vumbi la barabarani.

Ijumaa, 6 Juni

Damalie amekuja. Mwanamke nadhifu, viatu vya kimya, kishikwambi mkononi. Akapita mashine zote saba, akifungua na kufunga. Akakiri kwamba hajaona kafe iliyohama kabisa kama hii kuanzia Masafu mpaka hapa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi.

Kisha akauliza watu wako wapi. Nikamwambia ni wakati wa chakula cha mchana. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Hayo yangepita. Akaketi kutuma ripoti yake, kwa Mbayuwayu, na ukurasa wa ripoti wa kampuni yao wenyewe ukatokea mweupe. Akajaribu mashine nyingine. Mweupe. Akaniita pembeni, akashusha sauti, akaniuliza kama kuna mahali pamebaki kile cha zamani. Mtego! Nikaapa kwamba chini ya paa hili hakipo hata kimoja.

Babra akainua kichwa kutoka kaunta. "Na hii yako je?"

Basi Damalie akaketi kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta yangu, akafungua kivinjari changu cha zamani, na akatumia hicho hicho kuandika kwamba mmiliki mwenyewe hajahama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikisoma kila neno. Nikamwambia huwa nakitumia kwa mambo ya maana tu. Akasema na hilo ataliandika.

Nilimfuata mpaka kwenye gari. Akachoka na mimi, akasema nikimtumia picha ya kompyuta yangu ya kaunta ikiwa safi kabla ya Jumatatu mchana, atarekebisha. Bado nafasi ipo.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Nimeshinda nikinakili mambo yangu kutoka kompyuta ya kaunta, moja moja. Benki, picha za harusi, kila paswadi. Kazi ya kuchosha, lakini mtu mwenye akili hahami kabla ya kufungasha.

Babra alirudi kutoka ibadani amechangamka, jambo ambalo sijaliona wiki nzima. Akaanza kunieleza kitu kirefu kuhusu Mama Lorine: kwamba akaunti yake niliifungulia kwenye kompyuta yangu hii hii, siku ya kwanza, kabla hajahamia dirishani, kwamba labda bado inamkumbuka, kwamba atampigia simu aje kesho. Nilikuwa naandika ujumbe wa Damalie, natafuta neno zuri la kufungia. Nikamwambia sawa. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia.

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu ya Mashujaa. Nimeamka mapema. Nimekifuta cha zamani kwenye kompyuta yangu mwenyewe, bila kusita, na ilipouliza juu ya kumbukumbu nikaweka tiki. Nikapiga picha, nikaituma. Hakuna anayeweza kusema tena kwamba Clifford Okanya hajahama.

Saa tatu Babra aliingia akiwa na Mama Lorine. Mama Lorine amevaa gomesi, gauni lake la kanisani, ameleta karanga za kukaanga kwenye kikapu, zawadi yangu. Babra akamkalisha kwenye kiti changu, akaniambia nifungue sasa. Nikafungua. Ndege.

 Babra aliinama akamshika Mama Lorine bega. Mama Lorine akauliza taratibu kama huyu ni yule yule wa Alhamisi. Nikasema ndiye. Nikaanza kumweleza kuhusu kasi, lakini tayari alikuwa amesimama. Kikapu akakiacha mezani. Babra alimsindikiza na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, hajarudi. Angenikumbusha asubuhi. Mtu hawezi kutaja jambo mara moja tu, tena mwenzake akiwa anaandika.

Damalie amejibu. Balozi ni Othieno. Walimtangaza tangu Jumamosi. Nimelisoma hilo mara nyingi, na linauma kila mara.

Ila chini kabisa ameongeza kwamba mwezi ujao watatafuta balozi wa Mbayuwayu ya simu, na safari hii wataanza kuangalia familia za waombaji. Nimeinuka kwenye kiti! Familia ninayo. Simu ya Babra iko hapa mezani, aliisahau alipotoka na yule mama, na namba yake ya kufungulia naijua. Mambo yake yote yamo kwenye cha zamani, ya tangu kabla hatujaoana. Akirudi atakuta nimeshamhamisha.

Imeniuliza kama nataka kufuta na kumbukumbu zote. Nimeweka tiki.