Fundi Goodhope na Bodi Iliyokufa

Goodhope alikuwa anamalizia supu ya mbuzi kando ya barabara kuu pale Mikumi, malori yakipita na kutikisa vijiko mezani, aliposikia kutoka duka la jirani sauti ambayo kwake ilikuwa tamu kuliko kwaya yoyote: mwanamke akilalamikia kompyuta.

"Imezima tena! Jamani, imezima tena!"

Akafuta midomo, akavuta begi lake la laptopu, akaacha mfupa wenye nyama. Goodhope kuacha mfupa wenye nyama si jambo dogo.

Kwa asiyemjua, huyu ni fundi kompyuta wa Kilosa mjini, shati lake limepigwa pasi na maneno yake yamepigwa pasi zaidi. Ufundi anaujua, tusimwonee. Ila aligundua mapema kwamba kutengeneza kompyuta kunalipa kidogo, na kuitangaza kuwa imekufa kunalipa sana. Mwenye nayo akishakata tamaa, Goodhope huibeba kama chuma chakavu, akafika Kilosa akabadilisha kidude kimoja, maiti akafufuka na kuuzwa.

Duka lilikuwa steshenari. Mwenyewe, Vaileth, alikuwa amejishika kichwa mbele ya kompyuta kubwa ya mezani. Kwenye benchi walisubiri vijana waliotaka kuomba vyuo kabla muda haujaisha, na mzee mmoja mfugaji, Lemayan, aliyefuata picha zake za pasipoti.

"Shikamoo mzee. Habari za hapa, dada? Mimi ni fundi. Nimesikia kilio nikashindwa kumeza."

"Marahaba," akasema Lemayan.

"Fundi, Mungu amekuleta," akasema Vaileth. "Nikiwasha inalia pii, pii, pii. Kioo cheusi."

Pii, pii, pii! Goodhope alielewa mlio huo kama mama anavyoelewa kilio cha mwanawe. RAM, kile kijibao cha kumbukumbu, haijakaa vizuri mahali pake, basi. Kazi ya kidole gumba.

"Dada, naomba maji ya kunywa," akasema kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya.

Vaileth alipotoka kwenda nje kununua, Goodhope akageuza kioo kisionekane na wa kwenye benchi, akafungua ubavu wa mashine. Kweli, RAM ilikuwa imelegea upande mmoja. Akaikandamiza, akawasha. Mashine ikanguruma, kioo kikang'aa, na moyo wake ukang'aa pamoja nacho: memori ya kutosha, na kadi ya video ya bei mbaya, ile ile ambayo Bryson, mpiga video za harusi wa Kilosa, alikuwa anaitafuta kama mchumba. Akazima haraka. Akailegeza RAM kama alivyoikuta. Vaileth aliporudi na chupa ya maji, alimkuta fundi ameinamisha uso.

"Pole sana, dada. Bodi imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Na ikifa bodi, umekufa uti wa mgongo."

Mzee Lemayan akanyoosha shingo. "Kijana, una hakika?"

"Mzee wangu, naapa mbele ya watu wote hawa. Haitapona hata ukiipeleka Ulaya."

"Sasa wewe utaichukulia nini?" akauliza mzee, maana mkono wa Goodhope ulikuwa tayari umeshika mashine kama mtu anayeshika pembe za fahali wake.

"Vipuri vidogo vidogo, mzee. Na huruma."

Akataja bei ya kumfuta machozi dada. Vaileth akakataa kwa kutikisa kichwa, kope zimelowa.

"Hela nitakula iishe. Hawa watoto nitawaombea vyuo kwa kutumia nini? Nipe hiyo laptopu iliyo kwenye begi lako, uichukue mashine, tuagane."

Goodhope akaguna, akatazama dari, akajikuna shingo. Moyoni alikuwa anacheza. Laptopu yake ilikuwa nzima, ndiyo, na ndiyo iliyomlisha, lakini kwa atakachotoa Bryson angenunua nyingine nzuri zaidi na bado akabaki na cha kumtambia mtu.

"Basi," akasema, "kwa ajili ya elimu ya Taifa."

Benchi zima likampigia makofi. Akaondoka na mashine mapajani, basi la Kilosa likimrusha kila kwenye shimo, naye akiikumbatia kama mtoto mchanga.

Bryson alikuja kuijaribu jioni ile ile. Kompyuta ikawaka vizuri sana. Wakafungua video ya harusi. Bibi harusi alipoinua kisu kukata keki, kioo kikawa bluu, halafu cheusi. Goodhope akacheka kidogo, akabadilisha RAM. Bibi harusi akainua kisu, kukawa giza. Akabadilisha kifaa cha umeme, akaongeza feni, akapuliza, akasali. Mashine ilikuwa inaishi ikiwa baridi. Ikipata joto tu, inakata roho.

"Keki hii haitaliwa," akasema Bryson, akachukua kofia yake.

Goodhope akaitoa bodi, akaimulika kwa tochi. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na juu ya ufa, alama za risasi ya kuchomelea: fundi mwingine alishajaribu, akashindwa.

Kesho yake alirudi Mikumi na mashine yake, shati halijapigwa pasi. Steshenari ilikuwa imejaa. Vaileth alikuwa anachapa kwa kasi kwenye laptopu. Lemayan alikuwepo tena. Picha za kwanza alikuwa amefumba macho.

"Dada, nirudishie kifaa changu! Mashine yako mbovu!"

"Si ulisema mwenyewe imekufa, fundi? Fundi wa Morogoro naye aliniambia hivyo hivyo. Nikaona mnakubaliana."

"Na RAM nani aliilegeza?"

"Mimi. Nilitaka kuona kama fundi ataniambia."

"Mimi niliiwasha hapa hapa ikawaka! Nimeichukua nikijua ni nzima!"

Neno likishatoka halirudishiki kwa bisibisi. Foleni nzima ikamgeukia. Mzee Lemayan akamtazama kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kuelimishwa.

"Kijana, hebu nisaidie mzee wako. Jana ulivyoapa mbele yetu kuwa imekufa, ulikuwa unasema kweli au unadanganya?"

Goodhope akaikumbatia mashine yake, akageukia mlango.

"Anayefuata!" akaita Vaileth.