Gego Langu na Dakika Ishirini za Mafuta

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada yangu mpenzi, salamu nyingi sana. U hali gani? Magoti yanasemaje? Wajukuu hawajambo? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa gego langu la chini upande wa kulia. Uliniambia kwenye simu niandike kila siku ninachoona mwilini, kisha nikutumie daftari lote. Basi nimenunua daftari. Halina mistari. Unisamehe mwandiko unaopanda mlima.

Nimeanza leo ile dawa yako ya mafuta. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kunywa hata maji. Nikasali kwanza. Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi, mdomoni. Nikasukutua kulia, kushoto, katikati ya meno, kama ulivyoelekeza. Dakika ishirini! Dada, wewe unazijua dakika ishirini? Dakika ya tatu mashavu yanawaka. Ya saba mafuta yamekuwa mengi kuliko niliyotia, sijui yanazaana. Ya kumi na moja nikapiga chafya. Pazia la sebuleni limeharibika. Mke wangu akauliza kama nimeanza kurukwa na akili. Sikuweza kumjibu. Nikaongeza kijiko, nikaendelea.

Najua utasema, mtu anafanya kazi kliniki ya meno, kwa nini asiingie kwa daktari? Ndiyo maana siingii! Miaka kumi na tisa nakaa mapokezi, hatua nne kutoka mlango ule. Nasikia kila kitu. Mgonjwa anaingia mara moja maishani, mimi naingia kila siku kwa masikio.

Na nikwambie siri. Wagonjwa wakiogopa, huwa nawatuliza. Nawaambia mimi mwenyewe nimeng'olewa mawili hapa hapa, na nilisinzia kwenye kiti. Uongo mtupu. Kile kiti sijawahi kukikalia hata kwa kukosea. Nimetubu mara nyingi, lakini kila wiki wanakuja waoga wapya. Sasa ikijulikana kwamba gego langu limeoza na mimi natetemeka, uso nitauficha wapi? Mafuta lazima yafanye kazi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Balaa. Mama mkwe amekuja.

Hakutuarifu. Saa kumi na mbili na robo, hodi mlangoni. Mke wangu yuko bafuni. Mimi niko dakika ya kumi na mbili. Hodi ya pili. Hodi ya tatu! Nikafungua. Mama mkwe amesimama na mkoba wake, amesafiri usiku kucha. Nikainama. Nikainama tena, zaidi. Akanitazama. Akauliza kuna msiba? Nikatikisa kichwa. Akauliza mwanawe yu hai? Nikanyoosha kidole kuelekea bafuni. Akauliza nimekatwa ulimi?

Dada, ukitema dakika ya kumi na mbili ni sawa na kuanza upya. Zilibaki nane tu. Nikamvutia kiti, nikaketi mbele yake, nikaendelea kusukutua taratibu huku namtazama kwa heshima. Dakika nane nzima. Kisha nikakimbia kutema, nikarudi nikisema kwa furaha yote shikamoo mama, karibu sana, pole na safari! Hakuitika. Alikuwa ameshatoka, amekaa nje juu ya mkoba wake.

Sasa yuko kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Amesema atarudi siku nitakayojua kusalimia. Mke wangu ameniwekea chai kwa kishindo. Mafuta yanaonyesha nani ana subira na nani hana.

Ninachoona mwilini: midomo inang'aa. Gego bado.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimehamishia dawa kazini. Kliniki inafunguliwa saa mbili. Nikafika saa moja na nusu, nikaficha chupa nyuma ya madaftari ya wagonjwa, nikaanza kwa amani.

Nani akaingia? Bwana Glavu. Huyu ni msaidizi wa daktari, kijana wa maringo, anavaa glavu hata akinywa chai. Anaitaka meza yangu kwa kuwa iko dirishani. Akasema habari za asubuhi, mzee. Nikapunga mkono. Akasema leo nimekuwa mtu mkubwa. Nikapunga tena. Akasogea karibu, akanusa, akauliza nimekaanga nini.

Mara Daktari naye amewahi! Ni mwanamke mpole, ana sauti ya kubembeleza watoto, na mikono ambayo sitaki kuifikiria. Akasema, mzee wangu, mwite wa kwanza. Nikainua kibao cha namba moja. Namba moja alikuwa bibi mwenye mtoto wa jicho, hakioni kibao. Nikakipeleka hadi puani kwake. Akadhani namuuzia kitu, akasema leo hana hela. Daktari akauliza mbona siiti? Bwana Glavu anatabasamu. Wote wananitazama.

Nikameza.

Nikaita namba moja kwa sauti nzuri ajabu, kama mwimbaji. Lakini dada, ulisema sumu yote ya mwili inakusanyika mle! Hadi saa tano tumbo lilikuwa linahutubia. Nimekimbia msalani mara sita. Kila nikirudi, Bwana Glavu yuko mezani pangu. Mara ya sita kiti kilikuwa kimeshapandishwa kulingana na miguu yake.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo nimeamka na wazo kubwa.

Alikuja mwalimu mstaafu, mama wa heshima, shavu limemvimba, mkoba kaukumbatia kama mtoto. Akaniuliza inauma? Nikafungua mdomo kumwambia ule uongo wangu. Huruma ikanishika. Nikamwambia mama, kuna njia nyingine. Nikamwonyesha chupa. Nikamweleza kijiko, dakika, kulia, kushoto. Akanishika mikono yote miwili, akaniombea maisha marefu, akaondoka mbio. Mama mwenye umri ule, mbio!

Ndipo likanijia. Mji mzima ukisukutua na kupona, nani ataniuliza kwa nini mimi sing'oi? Sitakuwa mwoga. Nitakuwa wa kwanza!

Hadi saa saba nimewarudisha nyumbani watu tisa. Kila anayetoka naona kama nimemwokoa mtu kwenye moto. Bwana Glavu alitoka mara mbili kuuliza foleni imekwenda wapi. Nikamwambia watu siku hizi hawana subira.

Gego limepiga kidogo mchana. Nadhani ni sumu inayohama.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Hakuna mtu. Hata mmoja! Walionisikia jana wamewaambia majirani zao.

Hili sikulipigia hesabu. Daktari asiye na mgonjwa ni mtu hatari. Saa tatu alitoka chumbani, akanyoosha bango la mswaki ukutani. Saa tatu na nusu alimwagilia ua. Saa nne alivuta kiti akaketi mbele yangu, akaanza kunitazama usoni, kama fundi anavyotazama mlango uliopinda.

Akasema, mzee wangu, shavu lako la kulia limejaa. Nikasema ni mbu. Akasema mbu kauma kwa ndani? Nikasema mbu wa huku ni wajanja. Akaniomba nifungue mdomo kidogo tu. Nikasema nimefunga. Akasema kuonyesha meno hakuvunji mfungo. Nikasema nimeweka nadhiri. Bwana Glavu akaangukia kabati kwa kicheko.

Mungu hamtupi mja wake, simu ikalia! Aliyepiga alikosea namba, alikuwa anamtafuta fundi bomba. Nilimshikilia dakika arobaini. Mtu mwema sana. Ana watoto wanne, wa pili anasumbua.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Sikulala. Gego linapiga ngoma, na sikio linaitikia. Nikaamua kuongeza dozi: vijiko viwili, dakika arobaini. Lakini saa ya ibada ilikuwa imefika. Nikaenda nayo mdomoni. Nikakaa nyuma kabisa, nikasali kimoyomoyo.

Kiongozi akatazama huku na huku, akasema sala ya kufunga leo atatuongoza ndugu yetu wa kule nyuma. Mimi!

Nikasimama. Watu wakainamisha vichwa. Nikaguna. Nikaguna tena, kwa kupanda na kushuka. Gego likachoma mpaka machozi yakanitiririka, na mafuta kidogo yakapita pembeni. Mama mmoja akaanza kulia. Wa pili naye. Mwisho nusu ya watu wanalia, kiongozi amenishika bega, anasema wapo wanaoomba kwa kina kisicho na maneno.

Nimetubu hili hadi magoti yameuma. Walivyonipa mikono nje! Mke wangu peke yake hakulia. Alisema anaijua ile harufu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nitaandika yote.

Nilifika saa mbili kasoro kumi. Foleni imetoka hadi barabarani. Wote ni wangu! Wamevimba, wamefunga vitambaa, mmoja anatembea kwa kichwa kilicholala. Mbele yao mwalimu mstaafu, jicho moja limefungwa na uvimbe. Aliponiona akanyoosha kidole, nikasikia nimerudi darasa la pili. Akasema mbele ya watu wote: huyu ndiye aliyetupa mafuta.

Daktari alisimama mlangoni, akasikiliza hadi mwisho. Dada, angenifokea ningeshukuru. Alinyoosha mkono tu, akachukua vibao vya namba mezani pangu, akampa Bwana Glavu. Akasema aanze.

Bwana Glavu akaita namba moja. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, akinitazama mimi. Kibao cha namba moja alikuwa amekiweka mapajani mwangu.

Mwalimu akasema nenda, baba, wewe si umeng'olewa mawili hapa? Si ulisinzia? Watu wakasema ndiyo, hata mimi aliniambia, hata mimi. Ningekataa vipi?

Nilipiga ukelele wa kwanza taa ilipowashwa. Wa pili kiti kiliposhuka. Wa tatu Bwana Glavu aliponifunga kitambaa kifuani. Daktari alikuwa bado ananawa mikono. Akaja, akaniambia kwa ile sauti ya watoto, mzee wangu, miaka kumi na tisa unaniletea watu, leo nimekupata. Akachoma ganzi. Kama siafu mmoja. Kisha mdomo ukawa si wangu. Akavuta, nikasikia kitu kinaachia, nikauliza ataanza lini. Akanionyesha gego limekaa kwenye kisahani.

Hivyo tu! Miaka kumi na tisa!

Akanieleza kwamba mafuta hayazibi tundu. Nikipenda nisukutue, lakini mswaki ni mswaki, na jino lenye tundu apelekewe mapema. Ningekuja miezi mitatu iliyopita angeliziba, na ningekuwa nalo hadi leo. Hilo liliniuma kuliko sindano.

Nikatoka na pamba mdomoni. Nikasema kwa ukweli wote, Mungu shahidi wangu, haiumi hata kidogo! Hakuna aliyeniamini. Wawili waliinuka wakaondoka, Bwana Glavu akawakimbilia hadi barabarani. Mara ya kwanza nimesema kweli kwenye ukumbi ule!

Hukumu: meza ni ya Bwana Glavu hadi niwarudishe watu wangu wote tisa. Akikosekana hata mmoja, mimi ni wa kufagia.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Uvimbe umeshuka, uji unapita. Nilimfuata mama mkwe kwa shemeji, nikamsalimia tangu njiani, hatua thelathini kabla ya mlango. Ameitika, ingawa kwa upande.

Wanane wameshatibiwa. Mwalimu wangu amezibwa, hata hakung'olewa. Alinipa mkono. Alibaki wa tisa, fundi wa kuchomelea mageti. Leo nimemtafuta karakana hadi karakana, kumwomba radhi na kumrudisha, niokoe meza yangu. Nikamkuta anafanya kazi anapiga mluzi! Nikamwambia samahani ndugu, mafuta hayafai, njoo kwa daktari. Akasema kwa nini? Jino haliumi tena.

Dada, haliumi! Nikamuuliza alitumia nazi? Akasema hapana, nyumbani palikuwa na ufuta tu. UFUTA! Alisema pia kwamba Jumamosi alipitia kliniki ya upande wa pili wa mji wakamng'oa, lakini hilo alilisema harakaharaka na kelele za mashine zilikuwa nyingi.

Umeona kosa letu? Na hata gego langu, mbona lilitoka laini vile? Ni wiki nzima ya mafuta, Daktari hawezi kukiri. Nimerudi nimewaza njia nzima. Daktari lazima aletewe wa tisa, na fundi hana tena jino la kuleta. Basi Bwana Glavu apumzike mezani pangu kwa muda, mimi nifagie. Mfagiaji haitwi, haiti mtu, hana haja ya mdomo asubuhi nzima! Nimeshapima, ukumbi na ngazi ni dakika ishirini kamili.

Jino la jirani na lile pengo limeanza kuwasha. Sijamwambia mtu. Nimenunua chupa mbili za ufuta.

Daftari nalituma kesho. Tafadhali, dada, nijibu upesi: kijiko ni kile cha chai au cha mezani?