Vita vya Ng'wana Makoye na Kifungo cha Koti

Sogezeni vigoda, enyi wachunga ng'ombe wa Samuye, enyi wachuma pamba wenye vidole vilivyochomwa na maganda yake, na ninyi mliorudi kutoka Rwamgasa na vumbi la mashimo ya dhahabu bado masikioni. Zimeni redio, mwacheni ndama anyonye anavyotaka, kwa maana nitasimulia tendo ambalo majemadari walikufa bila kulitenda: namna kaka yangu Anatoli, ng'wana Makoye, mtoto wa Makoye aliye marehemu, simba wa duka la dawa za mifugo, alivyokifunga kifungo cha koti.

Najua watakuwepo wa kusema kwamba watoto wa darasa la kwanza hufunga vifungo kila asubuhi. Hao hawakuliona tumbo lenyewe.

Tumbo la Anatoli halikuota kwa bahati. Lilijengwa kwa subira nyuma ya kaunta, kati ya dawa za kupe na dawa za minyoo, kwa ugali wa mchana na ugali wa usiku, na kwa chapati zilizoletwa kulinda mpaka kati ya milo hiyo miwili, na kwa soda, hadi likawa ngome. Shujaa akiingia mahali, lilitangulia kama tarishi. Akiketi, lililala mapajani kama mtoto aliyeshiba. Wala kijijini hakuna aliyelilaumu. Tumbo la namna hiyo ni ushahidi kwamba nyumbani kuna chakula na amani, na mama yetu alikuwa akilitazama kama fundi anavyoutazama ukuta alioujenga mwenyewe.

Kisha nikaposwa, na amani ikavunjika.

Katika kikao cha ukoo liliulizwa swali moja tu: Mzee Makoye amelala nyuma ya zizi, nani atamshika Salome mkono hadi altareni? Salome ni mimi. Baba mdogo Boaz, mwembamba kama mpini wa jembe, mwenye maneno mengi kuliko mwili, alisimama akaeleza kwa kirefu na mapana kwamba yeye ndiye mdogo wa marehemu na kwamba heshima hiyo imemfuata yenyewe, wala hakuiomba. Niliinamisha kichwa. Mzee alipougua, baba mdogo alikuwa na safari nyingi. Aliyembeba baba mgongoni asubuhi kumpeleka juani, na kumrudisha ndani jua likichoma, ni Anatoli. Mimi nilitaka mkono wa Anatoli. Lakini mimi ni mtu wa kunong'ona, na vikao vya ukoo havijajaliwa masikio ya minong'ono.

Ndipo mama akaingia chumbani, akatoka na koti la kijivu ambalo Mzee alifungia ndoa, akalitandika mezani mbele ya wazee.

"Mimi sina hotuba," alisema. "Mzee aliniachia neno: binti yangu akiolewa, koti langu liende kanisani. Anatoli ndiye mkubwa. Likifungika mwilini mwake, atamshika mdogo wake mkono. Lisipofungika, atashika Boaz, na mtu asiniletee maneno."

Baba mdogo alilijaribu papo hapo, ingawa hakuna aliyemwambia. Likafungika, ikabaki nafasi ya mbuzi mmoja. Kisha akalivaa Anatoli. Pande mbili za koti zilitazamana kwa mbali kama ndugu waliogombea shamba.

"Shemeji, mpe muda hata mpaka pamba iuzwe," akasema baba mdogo, mkarimu kama kawaida yake. "Tumbo lile haliondoki. Labda ajifungue."

Wazee walicheka. Anatoli naye alicheka, maana ni mtu mwema, lakini niliona anavyolivua lile koti polepole, anavyolikunja kwa mikono miwili na kulirudisha mezani kana kwamba ndani yake kuna mtu amelala.

Vita vilianza vibaya. Jemadari wetu aliamua kuizingira ngome kwa njaa: chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi mchana, na jioni kutazama wengine wakila. Majeshi yalisambaratika mapema. Alisinzia kaunta, akamuuzia mteja wa dawa ya kupe chumvi ya ng'ombe, na usiku akakutwa jikoni ana kwa ana na sufuria la makande, na sufuria ndilo lililoshindwa.

Hapo akaenda kumwangukia Mwalimu Violeth, mwalimu wa michezo wa sekondari, mwanamke mfupi ambaye huvaa filimbi shingoni hata kwenye misa. Mwalimu alimzunguka kama mnunuzi wa fahali mnadani, kisha akatoa tamko lake.

"Usipokula, mwili utakula misuli yako kwanza, na tumbo litabaki likikutazama. Kwa hiyo utakula. Mayai, dagaa, maharage, mtindi. Ugali, ukubwa wa ngumi yako, mboga za majani zijae sahani. Soda, waachie wagonjwa wa mapenzi. Na utanyanyua vitu vizito mpaka mwili uelewe kwamba hiyo misuli unaihitaji."

Zikatafutwa silaha. Ekseli ya mkokoteni uliokufa ikawa chuma cha kunyanyua, na madumu ya mchanga yakawa ndugu zake. Alfajiri, kabla ya kufungua duka, shujaa aliingia uwanjani nyuma ya zizi, akachuchumaa, akanguruma, akanyanyua, huku ng'ombe wakimtazama kwa ule utulivu wa viumbe waliowahi kuona mambo ya kipumbavu zaidi. Siku za mwanzo chuma kilimshinda kwa heshima. Baadaye kilimshinda bila heshima. Halafu kikaanza kuchoka, na Mwalimu akaongeza madumu.

Lakini adui mkuu hakuwa chuma. Adui mkuu alikuwa mama.

Kwa mama, mtoto anayeacha ugali ni mtoto anayeugua, au aliyekosana naye. Alilipeleka jambo kwenye jumuiya, na akina mama wakamwombea Anatoli kwa majina yote ya watakatifu wanaoponya. Aliposikia kwamba maharage yanaruhusiwa, alifurahi kupita kiasi, jambo ambalo lilipaswa kututia mashaka. Jioni moja shujaa aliinua kijiko, akakigeuza kwenye mwanga wa taa.

"Mayu, haya maharage mbona yanang'aa?"

"Ni baraka, mwanangu. Kula."

Zilikuwa baraka za samli, vijiko vizima, alizozimimina kila tulipogeuka. Mtu angeweza kukasirika. Anatoli alichukua sahani, akamkumbatia mama kwa mkono mmoja, na tangu jioni hiyo akawa anapika maharage yake mwenyewe, kwa aibu kubwa ya ukoo mzima.

Msimu wa pamba ukafika, na pamoja nao mzani wa kuning'iniza, ule wenye ndoano ambao hauwezi kusimamishwa kijijini bila vijana kuning'inia ili wajue uzito wao. Msimu ulipofunguliwa, Anatoli alikuwa ameshaning'inia, na mshale ukaonekana na watu. Sasa, ununuzi ukielekea mwisho, baba mdogo Boaz alisimama katikati ya marobota akamwalika shujaa apande tena, mbele ya mashahidi, ili dunia ijue.

Anatoli alishika ndoano kwa mikono miwili, akakunja magoti hadi tumboni, akaning'inia kama robota lenye viatu. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama palepale uliposimama mara ya kwanza.

"Mnaona?" alisema baba mdogo, akiwageukia watu kama wakili. "Mama wa watu analia usiku kwamba mwanawe hali, ng'ombe hawalali kwa kelele za chuma, na uzito ni uleule. Kijana amehangaika bure. Nendeni mkanipigie pasi suruali ya harusi."

Shujaa alirudi nyumbani. Aliketi, akaomba ugali, ule wa zamani, wenye kilele. Mama aliupika akiimba. Na mimi, nikiwa nimesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, niliona kitu ambacho majemadari wote walikuwa wamekipita: tangu mzanini hadi nyumbani, Anatoli alikuwa ameshikilia suruali kiunoni isidondoke.

Nikasema, na safari hii hata mama alisikia jikoni.

"Kaka. Kama hujapungua, suruali unaishikia nini?"

Alijitazama. Akasimama, akaondoa mkono, suruali ikaanza safari. Mwalimu Violeth alipoletewa habari alishusha pumzi kama mtu anayefundisha mbuzi kusoma, akasema mzani wa pamba haujui mafuta wala misuli, unajua kilo tu. Mafuta yametoka, misuli imeingia kwenye nafasi yake, na huyo baba yenu mdogo wa mzani aache kupotosha watu. Ugali ule wenye kilele tuligawana sote.

Ikafika siku ya koti. Ukoo ulikaa, na baba mdogo alikuja na viatu vilivyokwisha kung'arishwa. Anatoli akavaa. Pande mbili zilizoachana zikakaribiana, zikagusana. Kidole gumba kikasukuma, na kifungo kikaingia kwenye tundu lake bila hata kuguna.

"Anyanyue mkono," akasema baba mdogo haraka. "Kanisani kuna kupunga."

Akanyanyua. Mgongoni pakasikika sauti ya kitambaa kikikata tamaa, maana mabega yale hayakuwa tena ya muuza dawa.

"Limemkataa," akasema baba mdogo kwa upole.

Mama alimgeuza mwanawe, akaupitisha mkono kwenye mpasuko. Kisha akavuta uzi mweupe, uzi wa zamani, uliokuwa umeshonewa palepale kwenye kitambaa cha kijivu.

"Siku ya harusi yetu gari lilikwama tope, Mzee akaliinua na hili koti mwilini," alisema. "Lilichanika hapa. Nililishona mwenyewe, sikuwa na uzi wa kijivu. Boaz, wewe ulikuwepo. Ulishika mwavuli."

Akaomba sindano, na uzi mweupe.

Basi na ijulikane kutoka Samuye hadi Geita, na wasio na cha kukumbuka wakumbuke hili: kwamba kifungo kimoja kilifungwa, na ngome moja ikaanguka, na mama mmoja akapika ugali wa ukubwa wa ngumi bila kulia. Jumamosi iliyofuata niliingia kanisani taratibu, nikitazama chini kama kawaida yangu. Mkono wa kaka niliokuwa nimeushika ulikuwa mzito na imara, na kila ulipotikisika niliibia jicho mgongoni mwake, nikauona ule uzi mweupe, ukishikilia.