Mashine ya Joto Isiyopenda Wageni

Kwa Bwana Iestyn Rowlands,
Mume wa binti yangu, na fundi kwa kujitolea,
Cardiff.

Mkwe wangu mpendwa,

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA MASHINE ULIYONIFUNGIA, NA OMBI LA KUING'OA KABLA YA KRISMASI

Kwanza nakujulia hali, kwa kuwa mtu haachi adabu zake hata akiwa amevaa makoti mawili ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi sijambo, ila vidole.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu ya kwenu hupokewa na Menna, na Menna ameshachukua upande wa mashine. Nilimweleza kisa chote kwa mapana na marefu, akanijibu, "Mama, mashine haina akili ya kumchukia mtu." Huyo ndiye binti niliyemzaa na kumlipia masomo ya piano. Kwa hiyo nakuandikia wewe, ambaye angalau si damu yangu na unaweza kutenda haki.

Jambo lenyewe unalijua lilivyoanza. Mwezi wa Oktoba ulikuja na sanduku, ukang'oa ile swichi ya duara ya marehemu mume wangu Emrys, ukafunga jikoni kisanduku cheupe karibu na boila inayopasha nyumba joto. Kisha ukanikabidhi mwenzake, kile kidude cha kioo kisicho na waya wala haya. Ulinieleza kwamba kidude ndicho kinachopima joto la chumba, na kwamba kikiona baridi hukiambia kisanduku kiwashe boila, kikiona joto hukiambia kizime. Ukasema nikiweke pale ninapokaa sana, mbali na dirisha, mbali na vyuma vya joto vya ukutani. Nimeyatii yote. Kipo kwenye meza yangu ndogo, kando ya kiti changu. Dirisha liko mbali, na chuma cha joto kiko mbali zaidi, mpaka paka amehama upande huu wa chumba.

Tena nataka ieleweke mapema kwamba kidude hiki nimekitendea wema. Kile kiguu cha plastiki cha kukisimamishia kilivunjika wiki ya kwanza, sikusema neno. Siku za kawaida nakiegemeza kwenye picha ya Emrys. Wageni wakija, picha huhamia juu ya meko isije ikamwagikiwa, na kidude nakiegemeza kwenye buli la chai, kwa sababu ni zito na halitikisiki. Isitoshe, nimekifumia kisweta kwa sufu ileile niliyofumia kisweta cha buli, ili vikikaa pamoja kimoja kisionekane yatima. Kioo nimekiachia nafasi yake. Katika bonde zima la Rhondda hakuna mashine iliyovalishwa hivyo.

Baada ya hisani zote hizo, haya ndiyo niliyolipwa:

1. Mashine haipendi wageni. Nikiwa peke yangu, nimejitilia kikombe changu kimoja huko jikoni na kuja kukaa, nyumba ni nyuzi ishirini na sina la kusema. Lakini akija mtu, akakaribishwa, chai ikawekwa mezani kama inavyopasa, vyuma vinaanza kupoa. Wa kwanza kufanyiwa hivyo alikuwa Bi. Rhiannon wa kanisani, aliyekuja kulalamika juu ya kinanda. Kabla hajamaliza kikombe alikuwa ameshavaa kofia. Nakiri kwamba siku ile sikuona ubaya, kwa sababu Bi. Rhiannon akikaa huwa hainuki. Nilidhani mashine ina busara.

2. Inasema uongo mbele za watu. Mchungaji Elwyn alipokuja, alishika kikombe akiwa bado amevaa glovu. Nikamwomba radhi kwa baridi. Akainama, akasoma kioo, akakuta kimeandika nyuzi thelathini na moja. Alivua glovu papo hapo na kumshukuru Mungu kwa joto, maana yeye ni mtu wa kuamini yaliyoandikwa. Sasa anaumwa mafua na mahubiri yanasomwa na mkewe.

3. Chuki yake inaongezeka kadiri watu wanavyoongezeka. Kwaya ilikuja kufanyia mazoezi kwangu kwa sababu paa la kanisa linavuja. Kwa umati ule nililazimika kuazima lile buli kubwa la bati la kanisa, ambalo hubebwa kwa mikono miwili. Iestyn, nyumba iliganda. Waliimba nyimbo za Krismasi huku mvuke ukiwatoka vinywani, na wanaume wa sauti ya chini wakauliza kama wanaadhibiwa kwa jinsi walivyoimba Jumapili. Kioo kilisema nyuzi thelathini na sita. Hata Hispania huko wanakokwenda kuota jua wangeita zimamoto.

4. Haitengenezeki, hata na mtu anayezijua mashine. Jirani yangu Idwal, uliyemkuta hapa akikagua kazi yako bila kuombwa, alitumia ujana wake wote kuhudumia mapangaboi makubwa ya kule mgodini. Alikuja na miwani na kile kitabu cha maelekezo. Akasimama katikati ya chumba, akabonyeza, boila ikawaka. Akapandisha, ikawaka. Akaniambia imepona. Nikamletea chai kumshukuru, akakaa, nayo ikazima. Akasema basi imekufa kabisa, akainuka aende zake, nikaondoa sinia, ikawaka. Idwal akaandika kwenye ukingo wa kitabu kwamba mashine hufanya kazi yeye akiwa amesimama na hufa akikaa. Tukajaribu kunywa chai tumesimama, wazee wawili tumekabiliana kama tunaotaka kucheza dansi, ikazima vilevile. Akanitazama kwa huzuni. "Olwen, mashine zenye ubaya nimeziona," akasema. "Hii haina ubaya. Ina wivu."

5. Inatulazimisha kuwa waongo. Kwa kuichunguza niligundua kwamba huwaka mara tu ninapoondoa vyombo vya chai, yaani imeshajua kwamba sinia likitoka na wageni wanatoka. Basi kwaya iliporudi, niliondoa buli, wote wakavaa makoti, wakaniaga kwa sauti, wakanishika mikono, nikaufunga mlango wa mbele kwa kishindo. Kisha wakazunguka nyuma kwenye mvua, wakaingia kwa mlango wa jikoni wakinyata, wakakaa kimya. Nyumba ikapata joto la kupendeza. Nani asingefurahi? Nikawaletea chai ya kuwapongeza, na wakati huohuo Bi. Rhiannon akakohoa. Vyuma vikapoa. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, ila wote walimwangalia, na tangu siku hiyo hajaja mazoezini. Kwa hiyo mashine yako imeikosesha kwaya sauti yake ya kwanza.

6. Hili ndilo linaloniuma. Jumapili mlikuja nyinyi. Nilikuwa nimepika mchuzi wa kondoo na vitunguu vya majani, nimeoka vile vikeki vya zabibu kwenye bamba la chuma, nimetoa buli la harusi yangu. Uliona mwenyewe. Mjukuu wangu Gwenno, mtoto wa miezi saba, vidole vyake vilikuwa vyekundu, na Menna akamtia ndani ya koti lako mpaka yakabaki macho. Mlipoingia kwenye gari Menna aliteremsha kioo. Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika. "Mama," akaniambia, "kama nyumba itakuwa hivi, Krismasi tutampeleka mtoto Swansea, kwa mama yake Iestyn."

Krismasi imekuwa nyumbani hapa tangu Menna hajaota meno. Emrys alipofariki nilidhani itaondoka naye, lakini mlikuja, tukala, tukacheka, nikajua bado nina nyumba. Sikutegemea ije iondolewe na kidude nilichokifumia kisweta. Niliingia ndani, nikaondoa vyombo, nikasimama kwenye karo nikilia. Na mashine, kwa kuwa mlikuwa mmeshaondoka, ikawaka.

7. Swali ambalo mpelelezi yeyote angeuliza ni hili: nani anafaidika? Mama yako, Bi. Delyth, ana mashine hiihii. Wewe ndiye uliyemfungia, tena kabla yangu. Menna haishi kuisifu: kwa Mama Delyth kidude kimepigiliwa ukutani, kwa Mama Delyth watu wanavua sweta, kwa Mama Delyth kahawa inatoka kwenye mtambo huko jikoni na kila mtu anajitilia. Wageni wake hawapigwi baridi. Sisemi kwamba ulikaa na mama yako mkala njama. Wewe ni kijana mwenye heshima. Nauliza tu inakuwaje mashine iliyofungwa na mtoto wa Delyth iwakumbatie wageni wa Delyth na kuwafukuza wa kwangu.

8. Leo imevuka mipaka. Niko peke yangu. Hakuna mgeni, hakuna aliyekohoa. Nimejiandalia buli zima, kwa kuwa barua ya namna hii haiandikwi kwa kikombe kimoja, nikamhamishia Emrys juu ya meko asimwagikiwe, nikakaa mezani kukushtaki. Nilipofika kwenye lalamiko la pili tu, vyuma vilikuwa baridi kama jiwe la kaburi. Maana yake ni moja: mashine imeanza kunihesabu mimi kuwa mgeni ndani ya nyumba yangu. Mambo yamenifika shingoni, Iestyn.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

(a) Uje uing'oe mashine kabla ya Krismasi, na urudishe swichi ya Emrys. Usiniambie uliitupa. Nilikuona ukiitia mfukoni, na nilifurahi ulivyoitia kwa taratibu.

(b) Ukishindwa hilo, uiondoe na ya mama yako, ili tushindane kwa haki.

(c) Gwenno ale Krismasi yake ya kwanza hapa. Hata kama (a) na (b) haziwezekani, hili naliomba. Nitawasha makaa, nitakoka moto bafuni ikibidi.

Nisalimie Menna, umwambie simchukii. Mbusu Gwenno kila kidole. Wasalimie majirani zenu wale wenye mbwa, na yule mzee wa duka la mikate anayeniuliza habari kila nikija. Mama yako naye msalimie, kwa kiasi.

Ni mimi mama mkwe wako, ninayekutakia heri na joto,

Olwen Probert (Bi.)
Treorchy

N.B. Nilikuwa nimeshatia sahihi. Nikataka nafasi ya kukunjia karatasi, nikalishusha buli sakafuni. Kidude kikaanguka kifudifudi. Nikakiokota, nikakiegemeza kwenye picha ya Emrys, na kabla sijalamba bahasha boila ikanguruma jikoni. Nikashangaa. Nikakirudisha kwenye buli, kioo kikapanda nyuzi mbele ya macho yangu, boila ikanyamaza. Nikakitoa, ikawaka. Nimefanya hivyo mpaka boila ikaanza kuguna kama mtu aliyechoka kuitwa.

Ulinitajia dirisha. Ulinitajia vyuma vya ukutani. Buli hukulitaja, kwa hiyo kosa ni lako, ila nimekusamehe.

Sasa sikiliza. Usiing'oe mashine. Menna usimwambie lolote zaidi ya kwamba ulikuja ukaitengeneza, na mimi nitasema nilikuona. Bi. Rhiannon nitampelekea keki mwenyewe. Idwal hahitaji kujua, ana furaha na nadharia yake. Barua naituma hivi hivi kwa sababu stempu imeshaganda na haibanduki.

Krismasi ni hapa, na nyumba itakuwa na joto la kumvua Gwenno soksi. Tena mama yako asibaki Swansea peke yake sikukuu nzima. Mlete. Mwambie nitamkalisha kwenye kiti changu mwenyewe, pale kwenye meza ndogo, na atakaa kwa raha zake mpaka mimi nitakapoona imetosha, ndipo nitakapomletea buli la chai.