Simu Isiyoishiwa Chaji

Buyenzi, Avenue ya 14
Bujumbura
Jumanne, tarehe 4 Februari 2025

Kwa Mheshimiwa Houda binti Twalibu,
Mkuu wa Zawadi za Familia,
Brussels.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIMU MLIYOTULETEA

Mheshimiwa mwanangu,

Assalamu alaikum. Mimi mzazi wako ni mzima, cherehani ni nzima, na paa halivuji isipokuwa pale pale linapovuja siku zote. Baada ya salamu hizo naingia kwenye shauri langu, nalo ni zito.

Nakuandikia kwa kalamu, kwa mwandiko niliofundishwa shuleni Kigoma, na barua hii ataibeba jirani yetu Rosette, anayesafiri kuja huko Alhamisi. Usishangae kwa nini sikutumia simu. Sababu utazikuta humu ndani.

Wiki tano zilizopita uliniletea simu ya tunda, ile yenye tunda lililomegwa mgongoni. Ulisema, "Baba, ile ya zamani inakutesa, sasa utapumzika." Nilikushukuru mbele ya watu, na shukrani ilikuwa ya kweli. Ile ya zamani, yenye kiroboti cha kijani, nikampa shangazi yako Mwanne wa Kamenge, kama ulivyoagiza. Tangu siku hiyo sijapumzika. Malalamiko yangu nimeyapanga kuanzia dogo hadi lile linalonitoa kwenye kiti.

1. Simu haina njia ya kurudi. Ile ya zamani ilikuwa na kitufe pale chini: unabonyeza, unarudi ulikotoka. Hii unaingia tu. Siku ya kwanza niliingia kwenye saa za dunia nikakaa humo tangu adhuhuri hadi alasiri. Nilijua ni saa ngapi Brussels, Maskati na Tokyo, na sikuweza kumpigia mtu hata mmoja wa Buyenzi. Mama anayeuza mandazi mbele ya kibanda changu cha kushonea ndiye aliyenitoa. Kumbe kurudi kupo, ila kumefichwa: unatelezesha kidole ukingoni mwa kioo kama unafuta vumbi. Mwanangu, njia ya toba haifichwi.

2. Simu hainitambui. Uliisajili kwa uso wangu, nami nikaona ni heshima. Lakini uliisajili siku ya sikukuu, nimenyoa, nimetulia. Wewe unajua sura yangu ya kazi ni ipi: pini sita midomoni, miwani kwenye ncha ya pua. Nikiitazama hivyo inatikisika, maana yake "huyu simjui". Natoa pini, inanifungulia. Narudisha pini, imejifunga. Wiki iliyopita mteja mmoja aliniuliza kwa huruma kama simu hiyo niliiokota.

3. Simu inanisemea maneno ambayo sikuyasema. Umeiweka katika Kifaransa, na kila neno la Kiswahili linaloingia humo linatoka limevaa suruali ya Kizungu. Sheikh Tajudini alituma habari njema kwamba bomba la msikitini limekwisha tengenezwa. Nikamjibu kwa adabu: "Salama, sheikh. Asante sana." Nikabonyeza. Simu ikampelekea, mbele ya waumini mia moja na arobaini wa kundi la msikiti: "Salami, sheikh. Santé sana."

Ya kwanza ni soseji ya nguruwe. Ya pili ndiyo Wafaransa wanayoambiana wakigonganisha glasi za mvinyo.

Sheikh hakujibu kwa simu. Alikuja kwa miguu. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akatazama kulia na kushoto, akaniwekea mkono begani. "Twalibu," akasema, "mi na we tuko pamoja tangu chuo. Niambie kweli, mi apana hukumu mutu. Ulianzaka lini?"

Ilinichukua saa nzima kumwelewesha. Aliondoka akisema ameniamini, lakini Ijumaa hotuba ilihusu vileo.

4. Simu haili chakula cha wengine. Bi Christa wa Kigobe, yule wa ofisi ya serikali, alikuja na picha ya gauni kwenye simu yake ya kawaida. Zamani tungeziweka simu mbili karibu, picha ikapita hewani, kwisha. Safari hii simu yake inasema inamtafuta mwenzake, yangu imekaa kimya kama bibi harusi. Mwishowe Bi Christa alinieleza mikono ya gauni kwa mikono yake mwenyewe, akiipanua hivi na hivi, nami nikashona nilichokiona. Ilitoka kama masikio ya tembo. Alhamdulillahi ameipenda, na wenzake wawili wa ofisini wameagiza masikio kama hayo. Lakini hilo ni bahati, si teknolojia.

5. Simu haiishiwi chaji. Hapa nakuomba ukae chini.

Unaujua umeme wetu: unakuja kama mgeni wa heshima, kwa saa azitakazo mwenyewe. Betri ya simu ya zamani ilikuwa mbovu, alasiri ikifika imekwisha kufa. Na duka la pili kutoka kibandani kwangu, kama unakumbuka, ni la Bi Khadidja, mjane wa marehemu Yaseen, anayeuza ubani, udi na viungo. Ana paneli ya sola juu ya paa. Simu yake na yangu zilikuwa za aina moja, waya mmoja ulizitosha zote.

Kwa hiyo kila siku baada ya swala ya alasiri nilimpelekea simu, naye akaichomeka nyuma ya mitungi ya iliki. Kwa kuwa si adabu kumtupia mtu simu na kukimbia, nilikaa. Kwa kuwa nimekaa, alinimiminia chai ya tangawizi. Kwa kuwa kuna chai, tuliongea. Hali ilikuwa hiyo kwa miaka miwili, mlango wazi, wateja wakipita, hakuna la kufichwa. Alinieleza jinsi anavyomkatalia mdalasini mnunuzi yeyote anayeunusa na kukunja uso. Mimi nilimweleza mambo ya nguo. Nilimweleza hata ile asubuhi mama yako alipotutoka, jambo ambalo wewe mwenyewe sijawahi kukueleza vizuri, na alinisikiliza hadi mwisho bila kuniambia nijikaze.

Sasa tazama ulichofanya. Simu hii nikiijaza asubuhi, alasiri inasema asilimia themanini na sita. Nimejitahidi kuimaliza. Nimewasha tochi mchana kutwa mfukoni mpaka paja likapata joto. Nimeiwekea kisomo cha Kurani tangu alfajiri. Asilimia sabini na moja! Na hata ingekufa, tundu lake halilingani na waya wa Bi Khadidja.

Najua utasema: Baba, si uende na waya wako? Nimelipima hilo. Anayekuja na waya wake ni mteja. Anayeazimwa waya ni mgeni. Mimi nilikuwa mgeni.

Wiki ya kwanza nilikwenda kumwonyesha simu, akanipongeza, mabruk. Wiki ya pili nilikwenda kununua iliki. Wiki ya tatu mdalasini, na iliki tena. Jikoni kwangu sasa panatosha kupika pilau ya mkoa mzima. Baada ya hapo sikuwa na kitu cha kununua, na leo ni siku ya kumi na moja sijakanyaga duka lile. Chai najitengenezea nyumbani. Ni maji ya moto yenye rangi.

Nilikwenda hadi Kamenge kumwomba shangazi yako Mwanne anirudishie ile ya zamani. Akaishika kifuani kwa mikono miwili. "Apana, kaka," akasema. "Kitu mutu ametoa kwa mukono wa kuume, harudishi kwa wa kushoto. Na tena, iko shida gani? Yako iko mupya!" Swali lake lilikuwa halali, ila jibu lake si la mtu wa umri wangu kulitoa akiwa amesimama mlangoni mwa dada yake.

6. Ijumaa nilipita upande wa pili wa barabara, kwa sababu zangu. Nikaona simu imechomekwa nyuma ya mitungi ya iliki. Si yangu. Ni ya Sleiman, yule aliyekuwa akiuza matairi, ambaye siku hizi amestaafu na anakaa Kinindo. Nyumba yake ina jenereta mbili. Mwanangu, wewe umesoma, nieleze: mtu mwenye jenereta mbili anatoaje gari Kinindo, anavuka mji mzima, anakuja Buyenzi kuchaji simu?

Alikuwa amekaa kwenye stuli. Alikuwa na glasi mkononi. Mvuke ulikuwa unatoka.

Sikulala vizuri.

Kwa hayo yote, na kwa kuwa simu moja ya tunda katika avenue nzima ni kumtenga aliye nayo, naomba ofisi yako itume simu za aina hiyo kwa wakazi wote wa Avenue ya 14, nyumba kwa nyumba, bila upendeleo wowote. Kama hilo haliwezekani kwa safari moja, uanze na wenye maduka. Kama wenye maduka nao ni wengi, uanze na wauza viungo. Kwa uchunguzi wangu, muuza viungo ni mmoja. Tafadhali hakikisha kwamba yangu inabadilishwa betri, niwekewe iliyochoka, isiyovuka saa tisa mchana. Bwana Sleiman asiingizwe kwenye orodha, kwa kuwa si mkazi.

Natumaini shauri hili utalitazama kwa jicho la haki na si kwa jicho la kucheka, ingawa nakujua.

Nisalimie mkwe wangu Ilias, na mjukuu wangu Najla, mwambie gauni lake nimelianza. Wasalimie wenzako wa duka la dawa, na wote wa msikitini kwenu, na yule bibi wa ghorofa ya chini anayelalamikia harufu ya vitunguu. Mwambie mimi pia ni mlalamikaji, tunaelewana.

Ni mimi, mzazi wako niliyeonewa na maendeleo,

Twalibu, fundi cherehani

N.B. Alhamisi asubuhi. Rosette amesimama mlangoni na sanduku lake, ananihimiza, kwa hiyo utaniwia radhi kwa mwandiko.

Jana alasiri Bi Khadidja alifunga duka. Hajawahi kulifunga saa hiyo tangu nimjue, isipokuwa kwa msiba. Nilipomwona anakuja na funguo mkononi nikajua kuna mtu amefariki. Alisimama mlangoni kwangu, hakukaa.

"Twalibu," akasema, "siku kumi na mbili. Simu imepona, sasa miguu ndio inagonjwa?"

Kumbe naye alikuwa anahesabu. Nikaanza kumweleza habari ya betri, na tundu, na waya usiolingana. Akanikata.

"Mi nimekuuliza habari ya simu?"

Halafu, Mungu anisamehe, nikauliza: "Na Sleiman?"

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Ule anakujaka kushargea simu," akasema. "Anakunywa chai, anatoa simu, anaenda. We ulikuwaka unakuja kufanya nini?"

Mwanangu, nina miaka sitini na moja. Nimepima mabega ya nusu ya mji huu. Nikaweka mkasi mezani. Nikamwambia. Nilichosema sikiandiki hapa, lakini kilikuwa kifupi kuliko barua hii. Kisha akasema niwatume Mwanne na Sheikh Tajudini wapeleke posa kwa kaka yake, kabla ya Ramadhani. Alipokwisha kugeuka, akarudi hatua moja: "Lakini kwanza ongea na mutoto wako. Mi siingie nyumba ya mutu kwa dirisha."

Basi ndiyo ninaongea nawe. Mama yako hajaondoka mahali pake, na Khadidja hajaomba mahali pa mtu. Ukikataa nitakusikia, ingawa itaniuma. Ukikubali, nipigie, nisikie sauti yako.

Malalamiko namba moja hadi sita nimeyafuta. Ningeichana barua yote, ila kurasa za mwanzo zimetoka kwa mwandiko mzuri na Rosette hana subira. Simu ni nzuri sana, Mungu akulipe. Usitume nyingine kwa mtu yeyote. Usitume chaja, usitume hata waya. Nikipata kisingizio kingine, najijua mwenyewe: nitakaa kwenye ile stuli nikinywa chai miaka miwili mingine bila kusema neno.