Goti la Mama Mkwe na Milimita Mbili za Mvua

Jumatatu, 1 Septemba

Leo ni siku kubwa. Mkuu wa ofisi yetu ya hali ya hewa ametuita chumbani kwake, mimi na mwenzangu Miwani. Mezani pana rasimu mbili za mwelekeo wa vuli kwa kanda yetu ya pwani. Yangu inasema mvua itaanza mapema, ndani ya wiki hii. Ya Miwani inasema kutakuwa kukavu mpaka tarehe ishirini. Mkuu akasema hawezi kutangaza zote mbili, watu watatucheka, na yeye amechoka kuchekwa. Basi tungoje. Kipima mvua cha uani kikionyesha walau milimita moja kufikia Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi, itatoka rasimu yangu, nami nitaisoma redioni msimu mzima. Kikikaa kikavu, atasoma Miwani.

Redioni! Mama mkwe yupo kwetu tangu mwezi wa saba na redio yake haizimwi. Mwaka wa kumi na moja huu ananiita Mhesabu Mawingu, tena mbele ya wageni. Akiulizwa mkwe wake anafanya kazi gani, hujibu kwamba anaangalia juu na kulipwa. Sasa ataisikia sauti yangu ikitoka kwenye redio yake mwenyewe. Nalitaka hilo kuliko cheo.

Jumanne, 2 Septemba

Anga safi. Wingu hata la dawa hakuna. Sina wasiwasi. Miwani ana kompyuta, ana ramani za joto la bahari, na ana hiyo miwani yenyewe. Mimi nina goti la mama mkwe.

Nayaandika haya hapa tu, maana hapa hasomi mtu. Goti lake la kulia likiuma, hazipiti siku kumi kabla ya mvua. Nimelifuatilia miaka mitatu kwa siri, nikilinganisha na daftari la ofisi. Limekosea mara moja. Kompyuta, mwaka jana peke yake, ilikosea mara kumi na tisa. Sasa wiki iliyopita goti liliuma siku tatu mfululizo, ngazi akawa anazipanda kwa kuomba dua. Nikakaa chini nikaandika: mvua juu ya wastani, asilimia hamsini, ya wastani, thelathini na tano, chini ya wastani, kumi na tano. Mkuu aliuliza hesabu hizo nimezitoa wapi. Nikasema kwenye kituo kimoja cha zamani chenye uzoefu mkubwa.

Miwani leo amechora mstari wa kalamu nene kwenye dumu lake la maji ya kunywa. Maji ya bomba la ofisi ni ya kisima na yana chumvi, kwa hiyo kila mtu huja na dumu lake. Eti anataka kujua ni nani anayemnywea. Mtu mzima mwenye shahada anapima maji ya kunywa kwa mstari. (Ni mimi, lakini angeweza kuuliza.)

Jumatano, 3 Septemba

Kukavu. Nimemuuliza mama mkwe hali ya goti, kwa adabu zote za mkwe. Akasema haliumi tena, Mungu ashukuriwe. Nikasema na mimi nashukuru. Kisha nikatupia tu, kama mtu asiye na haja: huenda lilikuwa baridi? Akacheka. Akasema baridi gani, mwanangu, ni vile viatu vipya alivyonunuliwa na binti yake. Vilimbana vidole, akawa anatembea upande upande. Amevirudisha dukani, amepewa namba kubwa, amepona.

Viatu! Mwelekeo wa vuli wa kanda nzima ya pwani nimeujenga juu ya jozi ya viatu. Mke wangu akauliza mbona nimesukuma sahani. Nikasema nimeshiba.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefikiri sana. Kama mvua ikikaribia goti huuma, huenda goti likiuma na mvua nayo hukaribia. Sayansi haijalikataa jambo hilo. Nikamsifia mama mkwe upepo wa juu ya paa, nikamwambia asipouonja atakuwa amekuja bure. Akapanda ghorofa nne. Akashuka anaimba, akasema kweli mna upepo mzuri, kesho atapanda tena. Mimi niliyemsindikiza nimelala na kitambaa cha maji moto kwenye nyonga.

Kazini Miwani ameanza mazoezi. Anajifungia stoo anasema “vipindi vya jua kiasi” kwa sauti nzito. Sauti yenyewe si yake.

Ijumaa, 5 Septemba

Jua kali. Mkuu ameleta birika lake dogo kutoka nyumbani na kulisugua mpaka likang’aa. Hiyo ndiyo kawaida yake kila mwaka: maji ya mvua ya kwanza ya msimu, yakishapimwa na kuandikwa, huyachemsha akapika chai. Anasema chai hiyo humwondolea uchovu wa miezi yote aliyotukanwa. Birika liko dirishani linamngoja. Nikaliangalia, roho ikaniuma. Miwani akapita, akaniuliza kama nimeshafikiria mwaka huu nitasikiliza utabiri kutoka redio gani.

Jumapili, 7 Septemba

Zamu yangu. Ofisi nzima mimi peke yangu na nzi mmoja. Bado kukavu. Kesho saa tatu kila kitu kimekwisha.

Nimeamua kuisaidia mvua. Sikusema kudanganya, nimesema kuisaidia. Yenyewe itakuja, nina hakika, ila imechelewa njiani. Nilitaka milimita mbili tu, kiasi cha mtu mwenye haya. Dumu langu lilikuwa tupu. La Miwani limejaa, lakini ule mstari unanitazama. Likabaki bomba. Nikajiambia maji ni maji, kipima kinapima kimo, hakina ulimi.

Saa kumi jioni nikatoka uani na jagi. Nikapanda juu ya tofali. Bado naelekeza mkono, tofali likacheza, na jagi lote likaingia kwenye mdomo wa kipima. Kuyatoa siwezi. Chupa ya ndani imefungwa kwa kufuli na ufunguo anao Mkuu, kuzuia watu wasio waaminifu. Nimepiga hesabu: milimita thelathini na moja. Mvua ya namna hiyo huzoa kuku.

Basi. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nitasema ilinyesha hapa uani tu. Mvua zina tabia zake.

Jumatatu, 8 Septemba

Nililala fofofo. Asubuhi mke wangu ananiamsha kwa lawama: nguo zote za kwenye kamba zimelowa, sikusikia mvua alfajiri? Nikakimbilia dirishani. Barabara imelowa. Miti imelowa. Mvua ya kweli, imekuja yenyewe kwa miguu yake, ndani ya muda niliousema.

Ningekuwa nimekaa nyumbani jana nikakata kucha, leo ningekuwa msomaji.

Saa tatu Mkuu akafungua kufuli. Milimita thelathini na tatu. Akanikumbatia. Akasema hajaona mwanzo wa vuli kama huu tangu aajiriwe. Akaweka birika jikoni, akapiga simu vituo vingine huku akipiga mluzi. Kituo cha kwanza, milimita mbili. Cha pili, mbili. Cha tatu, mbili na nusu. Mluzi ukakatika. Nikaanza kueleza tabia za mvua.

Chai ikawa tayari. Mkuu akanywa funda moja, akatulia nalo mdomoni muda mrefu, kisha akamkabidhi Miwani kikombe. Miwani akaonja. Akasema maji haya anayafahamu vizuri, ndiyo anayokunywa yeye kila mara mtu fulani anapommalizia dumu. Nikasema upepo wa bahari huenda umepeperusha chumvi. Mkuu akachungulia nje. Hakuna jani lililotikisika, na bahari iko umbali wa kilomita sita.

Akauliza jana nani alikuwa zamu. Kisha akasema nisijibu, tunafahamiana miaka mingi. Akafungua daftari akaandika kwamba kipimo kina mashaka na kimefutwa, na kwa taratibu zetu kipimo kilichofutwa huhesabiwa kwamba hakipo. Hukumu ikatoka palepale. Itatangazwa rasimu yangu, kwa sababu pwani nzima imelowa. Ataisoma Miwani, kwa sababu kipima cha uani hakina kitu.

Nimeumia. Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumanne, 9 Septemba

Saa moja jioni mama mkwe akaongeza sauti ya redio na kutunyamazisha sote. Miwani akaanza. Maneno yangu yote, neno kwa neno, mpaka ile sehemu niliyoiandika mara nne kuhusu wanaoishi mabondeni. Kwa ile sauti ya stoo. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa heshima. Akasema huyu sasa ndiye anayeijua kazi yake, umesikia alivyopanga maneno, huyu hahesabu mawingu. Akaniuliza kama namfahamu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mama, maneno hayo ni yangu, nimeyaandika mimi. Akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli, akasema mwanangu, cha mtu usikidai. Kisha akanimegea nusu ya chungwa lake. Mke wangu akajificha kwenye kanga akicheka mpaka mabega yanamtikisika.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeamka mtu mwingine. Nimekaa na nafsi yangu nikajisuta bila huruma, na kosa langu nimelijua. Kosa langu ni kuchezea maji. Maji yana ladha, yana kimo, yanabaki kwenye chupa mpaka asubuhi yakitoa ushahidi. Mtu mwenye akili hafanyi kazi na kitu cha namna hiyo.

Na Mungu si mchoyo. Leo Mkuu ametangaza kwamba mwelekeo wa pepo za Desemba nao utashindaniwa, na safari hii mwamuzi ni kipima upepo cha juu ya paa. Atakayepatia atausoma redioni. Mama mkwe naye amesema anakaa mpaka mwaka mpya, hewa ya kwetu imemkubali. Nikamwambia karibu sana mama, nikamaanisha.

Zamu za Jumapili nimeziomba zote. Miwani amenishukuru. Feni ya mezani ya sebuleni inaingia kwenye begi langu la kazini, nimejaribu leo, ila mapanga yake lazima niyachomoe kwanza.