Duara la Maji ya Kuogea

Jumatatu, 5 Julai 1976

Barua ya serikali kuhusu barabara mpya imefika. Ramani ina mistari miwili. Mmoja unapita shamba la jirani yangu, Percy Gollop. Wa pili unakata malisho yangu na kutokea jikoni kwetu. Uamuzi mwezi ujao. Nyumba aliyoijenga babu! Mke wangu Hilda aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akarudi kumenya viazi. Vilikuwa vimekwisha kumenywa.

Jumatano, 7 Julai

Habari kutoka baa. Bi Thirlwell, mtaalamu wa mambo ya kale, atapita na ndege tarehe 21 kupiga picha. Ukame huu unafichua makaburi ya kale. Vilima vya udongo juu yake vililimwa zamani vikaisha, lakini kila kimoja kilizungushiwa mtaro, na udongo uliojaa mle bado unatunza maji. Kwingine nyasi zimekauka; juu ya mtaro ni mbichi, duara la kijani. Palipo na duara, barabara haipiti. Gollop anayo mawili. Mimi sina hata moja. Alinigonga bega: "Usijali, Edwin. Barabara ikipita jikoni, utapandia basi mezani." Baa nzima ilicheka. Nami nilicheka, kidogo.

Alhamisi, 8 Julai

Mpango. Kigingi kimoja, kamba ya hatua nane, duara moja. Kumwagilia kwa mpira ni marufuku, kwa hiyo ni maji ya kuogea na ya vyombo. Ndoo mbili kila safari, safari nane kila asubuhi. Hilda aliuliza maji yake machafu nayapeleka wapi. Nikasema ni siri. Akasema siri yenye povu haifiki mbali.

Jumatano, 14 Julai

Mgongo umekwisha. Lakini duara linachipua! Gollop alichungulia juu ya ua akauliza kwa nini mtu mzima ananywesha nyasi katika ukame. Nikasema ni dawa ya minyoo ya kondoo. Akanikumbusha kwamba sina kondoo. Nikaenda kujaza ndoo. Sasa ameleta kiti, anakaa upande wake na kunihesabia ndoo. Akinisema kwa Bi Thirlwell, nyumba imekwenda.

Jumatano, 21 Julai

Ndege. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Ilizunguka mara mbili juu ya shamba la Gollop. Hilda alitoka na unga mikononi akanishika kiwiko, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi ya mama yake. Kwetu ilipita moja kwa moja. Kisha bawa likainama, ikarudi. Ilizunguka mara tatu! Nilivua kofia.

Ijumaa, 30 Julai

Bi Thirlwell kaleta picha. Gollop naye kaja, bila kualikwa. Duara langu lilikuwa safi kabisa. Na kutoka kwenye duara, mstari wa kijani ulionyooka hadi mlango wetu wa nyuma. Ndoo ya kushoto ilikuwa inavuja. Kikaango na mpini wake! Gollop aliuliza kwa upole kama watu wa kale walizikwa na mayai.

Bi Thirlwell hakucheka. Aliweka kidole kwenye kona ya chini, penye upupu. Pale palikuwa na duara jingine, dogo, hafifu kama alama ya kikombe mezani.

"Hili hukulimwagilia wewe, mzee," akasema. "Hili lina miaka kama elfu nne."

Jumatatu atachimba kidogo kuhakikisha. Akikuta udongo haujaguswa, serikali itatafuta njia ya tatu, na nyumba imepona. Akikuta umevurugwa, hataweza kunitetea, hasa baada ya kikaango.

"Kwa hiyo usiguse kitu. Jembe usilitazame hata kwa mbali."

Hilda alimpa keki nzima aondoke nayo, kisha akajifungia stoo. Nilimsikia akilia.

Jumapili, 1 Agosti

Jembe sikuligusa. Nilitumia koleo.

Duara hafifu namna ile linahitaji msaada. Hilda alipokwenda kanisani, nilichimba katikati yake futi tatu, nikaweka mifupa ya nyama ya kondoo tuliyokula Jumapili iliyopita pamoja na chungu cha maua cha bibi, nimekisugua majivu mpaka kikazeeka vizuri. Kitakoni kimeandikwa Kumbukumbu ya Weymouth, mji wa pwani alikokinunua. Maandishi yalikataa kukwanguka. Nimekikalisha wima, maandishi chini. Nani hutazama kitako cha chungu?

Hilda amerudi akiimba. Sijamwambia. Kesho atafurahi mwenyewe.

Mwisho nilimwaga maji juu ya shimo nililolifukia ili udongo ushikamane. Ndoo niliikagua kwanza. Haivuji.